Mafuta ya shotigani kwa vumbi la Dodoma: niliyoyapima na ninayoyaamini

Ukiniuliza uweke mafuta gani kwenye shotigani yako ukiwa hapa Dodoma, nitakutuma kwenye duka la vifaa vya cherehani. Kile kichupa kidogo cha plastiki chenye mdomo mrefu, mafuta mepesi yasiyo na rangi wala harufu ya kukera, ambayo mafundi nguo wa soko la Majengo wanadondoshea cherehani zao kabla ya kuanza kazi. Bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Nimeyapima pamoja na mafuta ya gharama yaliyotengenezwa mahsusi kwa bunduki, pamoja pia na vitu ambavyo watu wetu wanapaka kwa mazoea, na kwa kazi ya kila siku ya kiangazi hayo ndiyo nayashika kwanza. Kuna mahali hayatoshi, nitapafikia.

Kazi yangu ni kutunza silaha za kampuni ya ulinzi hapa mjini. Jioni natoa, asubuhi napokea. Bunduki zetu nyingi ni pampu za geji 12, na chache ni Baikal za Urusi za mitutu miwili, zile za kukunja katikati. Zinakwenda kulala kwenye maghala ya Kizota, kwenye majengo yanayoendelea kujengwa Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kwenye mashamba ya zabibu Hombolo, na wakati wa mavuno kwenye maghala ya mpunga Bahi. Asubuhi naweza kukwambia ipi ililala wapi bila kufungua daftari. Ya Mtumba inarudi na vumbi jekundu lililojaa kwenye njia ya pampu. Ya Kizota ina pumba laini iliyoganda kwenye kila kona iliyokuwa na mafuta. Ya Bahi inaonekana safi kuliko zote, lakini ukiiacha mpaka kesho yake bila kuipangusa unakuta vidoadoa vya kutu karibu na triga, maana udongo wa mbuga ile una chumvi.

Hilo la vumbi ndilo limenifanya niandike. Maelekezo mengi ya kutunza bunduki yameandikwa na watu wa nchi za baridi na mvua, na hapa nchini ushauri mwingi unatoka kwa watu wa pwani. Mtu wa Tanga au Bagamoyo anapambana na hewa ya chumvi usiku na mchana, na kwake kupaka mafuta mengi mazito kuna mantiki. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza kama Desemba na kukata Aprili, na wastani wa mwaka mzima ni chini ya milimita 600. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Vumbi letu nalo lina chembe za mchanga wa kwazi (Waingereza wanaita quartz) ndani yake, na kwazi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe ikitua kwenye chuma kikavu, unaipangusa na kitambaa imekwenda. Ikitua kwenye mafuta mazito inazama, inakaa, na kila mlinzi anapovuta pampu inasaga chuma kwa chuma. Kwa hiyo mafuta yoyote nayapima kwanza kwa vumbi, halafu ndiyo kutu.

Kupima kwenyewe nilifanya hivi. Nilimwomba fundi wa kuchomelea anikatie vipande vya chuma bapa, nikavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, nikaviandika kwa nyuma, kisha kila kimoja nikakipaka kitu chake: mafuta ya cherehani, oili mpya ya injini namba 40, oili chafu ya gereji, mafuta ya alizeti, mafuta ya taa, WD-40, Ballistol (mafuta ya bunduki ya Kijerumani), na girisi ya lithiamu. Seti moja nikaipanga kwenye dirisha la ghala linalotazama barabara ya vumbi. Seti nyingine nikaiweka chini ya kivuli na kuinyunyizia maji yenye chumvi kidogo kila jioni. Sikuwa na maabara, nilikuwa na macho na kidole. Lakini chuma hakina upendeleo, na nilichokiona kwenye vile vipande ndicho ninachokiona kwenye bunduki.

Kwenye dirisha, kipande cha mafuta ya cherehani kilishika utando mwembamba wa vumbi ambao ulitoka kwa kupitisha kitambaa mara moja. Chini yake chuma kilikuwa vilevile. Cha oili namba 40 kilikuwa kimevaa ngozi ya kahawia; ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada unasikia chembe zinakwaruza. Cha girisi kilikuwa kibaya zaidi, rundo la matope. Kwenye maji ya chumvi mambo yakageuka: girisi na oili ya injini vilikaa bila kutu, Ballistol ikafuatia, mafuta ya cherehani yakaanza kuonyesha madoa baada ya hapo, na cha mafuta ya taa kiligeuka rangi ya chungwa mapema kuliko vyote.

Sasa nizungumze na watu wa oili ya injini, maana ni wengi na wana hoja. Wanasema kama oili inalinda injini ya lori linalotoka Dar es Salaam mpaka Mwanza, itashindwaje bunduki? Oili ile ni nzuri sana, ila imetengenezwa kwa ajili ya nyumba iliyofungwa yenye chujio. Ndani yake kuna dawa za kushikilia uchafu ili uzunguke na oili mpaka chujio liukamate. Bunduki haina chujio. Uchafu ukishikiliwa, unabaki palepale kwenye nyundo na springi, na hakuna wa kuukamata isipokuwa mimi asubuhi. Tena usiku wa Juni na Julai baridi ya Dodoma inashuka mpaka nyuzi 13 hivi, na oili nzito yenye vumbi ndani yake inaifanya pampu iwe nzito kurudi. Mlinzi aliyeko lindo hatakiwi kuvuta bunduki mara mbili ili ifunge. Kama huna kingine kabisa na mvua imekaribia, oili mpya kidogo kwenye kitambaa, ipanguswe juu ya mtutu kwa nje mpaka ibaki mng'ao tu, itakusaidia. Ndani ya mitambo usiiweke.

Oili chafu ya gereji ni jambo jingine kabisa. Imejaa masizi, chembe za chuma zilizosagika kwenye injini, na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta. Wapo wanaoipaka kwa sababu ni ya bure na ni nyeusi, wanaona inarudisha rangi ya mtutu. Inapaka weusi tu. Iachieni nguzo za uzio, huko inasaidia dhidi ya mchwa.

Alizeti nayo lazima niizungumze, kwa sababu tuko katikati ya nchi ya alizeti na kila kijiji kina mashine ya kukamua. Mzee mmoja wa upande wa Mvumi, mwenye leseni yake na Baikal yake aliyoinunua zamani kwa ajili ya kulinda mazizi dhidi ya fisi, alimtuma mjukuu wake aniite. Bunduki ilikuwa inapiga kwa kusuasua. Ukivuta triga unasikia kitu kinateleza pole ndani, halafu "tik" dhaifu, na risasi haiwaki. Nilikwenda pamoja na fundi wa bunduki mwenye kibali, yeye afungue, mimi nimshikie tochi.

"Mbukwa, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Iangalieni hii, imekuwa mvivu. Na mafuta naipa kila Jumapili."

"Mafuta gani, babu?"

Akaingia ndani akatoka na chupa ya soda yenye alizeti, dhahabu tupu, safi. "Haya nimekamua mwenyewe. Hayana dawa."

Fundi alipotoa kitako na kufikia mitambo, nyundo na springi zilikuwa zimefunikwa na utando wa rangi ya asali. Ukigusa unanata kama ulimbo wa kutegea ndege. Fundi alikuna kwa ncha ya kijiti cha mianzi, ukawa unatoka kwa vipande laini vinavyopinda. Ndani ya utando mlikuwa na vumbi, na sisimizi wawili waliokauka. Ilibidi vioshwe kwa mafuta ya taa, vikaushwe, visuguliwe kwa mswaki wa meno, vioshwe tena. Mzee alikaa kwenye kigoda akitazama bila kusema kitu, halafu akauliza jambo ambalo hata vijana wenye vyeti hawaniulizi: "Kwa nini kwenye sufuria hayanati hivi?"

Nilimwambia yananata, babu, ila kwenye sufuria mama anaosha. Mafuta mengi ya mimea, alizeti ikiwemo, yakikaa kwenye hewa na joto yanavuta oksijeni, yanabadilika na kuganda kuwa ngozi. Ni tabia yao, hata yawe safi kiasi gani. Wachoraji wa Ulaya walitumia mafuta ya kitani kuchanganyia rangi kwa sababu hiyohiyo, yanakauka na kushika. Mafuta ya cherehani yametokana na mafuta ghafi ya ardhini, hayagandi kwa namna hiyo. Tulimwachia kichupa kimoja na kumwonyesha pa kudondosha. Ukweli ni kwamba mzee yule alikuwa anaitunza bunduki yake kwa bidii kuliko wengi ninaowajua mjini. Alikosa mtu wa kumwambia tu.

Mafuta ya taa na dizeli yana kazi yake, na kazi yake ni kuosha. Yanayeyusha mabaki ya mafuta ya zamani, na masizi ya baruti yanalainika. Lakini yakishakauka chuma kinabaki uchi, na chuma uchi kikishikwa na mkono wenye jasho kinashika kutu usiku huohuo. Ukiosha na mafuta ya taa, kausha, halafu paka mafuta saa hiyohiyo, usisubiri kesho. Na fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko la mkaa na mtu mwenye sigara.

WD-40 watu wanaipenda kwa sababu ipo kila duka la spea. Herufi mbili za mwanzo zinatokana na maneno ya Kiingereza ya kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini, lililofanikiwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, wakati kampuni ile ikitafuta kitu cha kuzuia kutu kwenye makombora. Nimeitaja historia hiyo kwa sababu inaeleza matumizi. Mlinzi akirudi amenyeshewa Januari, bunduki inachuruzika, WD-40 ndiyo naipuliza kwanza: inaingia chini ya maji na kuyasukuma nje hata kwenye nafasi ambazo kitambaa hakifiki. Baada ya hapo naipangusa yote na kupaka mafuta halisi, kwa sababu sehemu kubwa ya kopo lile ni kiyeyushi kinachoruka hewani, na kinachobaki ni utando mwembamba mno. Anayeipulizia kwenye triga kila wiki na kuiacha anaishia kusukuma uchafu wa nje mpaka ndani, halafu kiyeyushi kinaondoka na uchafu unabaki.

Kuna kichupa cha Hoppe's No. 9 ambacho fundi mwenzangu aliachiwa na mwindaji wa kitalii. Kinatengenezwa Marekani tangu mwaka 1903, na harufu yake ukiisikia mara moja huisahau. Ni kioshi cha mtutu, na ni kizuri sana kwa masizi, ila nimeona watu wakikipaka na kuhifadhi bunduki wakidhani ni mafuta ya kulinda. Osha nacho, pangusa, paka mafuta. Kwa shotigani zetu, uchafu mgumu zaidi ndani ya mtutu ni plastiki. Kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, zile goroli ndogo, ndani ya risasi kinaacha michirizi ya kijivu kwenye kuta, na hiyo inatoka kwa brashi ya shaba ya geji 12 na subira. Kioshi kinasaidia, brashi ndiyo inafanya kazi.

Ballistol ndiyo ya gharama niliyoipenda. Nililetewa na mdogo wangu aliyekuwa masomoni Ujerumani, huko ndiko ilikotokea mwaka 1904. Ina tabia moja nzuri kuishuhudia: ukidondoshea maji inageuka nyeupe, inachanganyika nayo badala ya kuyakimbia, kwa hiyo hata jasho la mkono linaingia ndani ya mafuta badala ya kukaa chini yake juu ya chuma. Inapakika pia kwenye mbao na ngozi. Mikanda yetu ya ngozi iliyokuwa imekauka na kupasuka kwa jua la Mtumba ililainika baada ya kupakwa na kuachwa usiku. Kwenye maji ya chumvi ilishinda mafuta yote mepesi niliyokuwa nayo. Kasoro yake ni harufu, inakaa kwenye viganja, na walinzi wawili waliniomba nisiwape bunduki iliyopakwa karibu na muda wa chakula. Kasoro nyingine ni kuipata. Hapa Dodoma sijaikuta rafuni. Kwa hiyo naitunza kwa ajili ya masika, kwa bunduki za Bahi mwaka mzima, na kwa zile zinazokaa kabatini muda mrefu bila kutoka.

Mafuta ya cherehani yanaposhindwa ni mahali pa mzigo. Kwenye Baikal, kile kipande cha pini ambacho mitutu inakunjikia kinabeba sehemu kubwa ya kishindo cha risasi, na mafuta mepesi yanakamuliwa nje yote. Hapo weka girisi ya lithiamu, ile ya kawaida ya beringi, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, uisambaze mpaka ing'ae. Weka pia kidogo kwenye thredi za choki, kile kipande cha mdomoni kinachobana marisau, kama bunduki yako ina choki za kufungua. Choki iliyofungwa kavu, ikapigwa risasi na kukaa msimu mzima, haitoki kwa mkono tena, na ukileta koleo unaharibu mdomo wa mtutu. Kila unaposafisha, futa girisi ya zamani yote kwanza. Usiongeze mpya juu ya ya zamani, maana ya zamani imeshabeba vumbi.

Kwenye pampu, tone moja kwa kila chuma kati ya vile viwili vinavyotelezea ubavuni, tone moja kwenye bolti inayofunga chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), na kitambaa chenye unyevu wa mafuta kwenye bomba la risasi kwa nje. Halafu vuta pampu mara kadhaa na pangusa kilichotoka. Ukipitisha kidole na kikabaki na mafuta ya kuonekana, umezidisha. Hapa ndipo walinzi vijana wananibishia, wanasema bunduki imekauka. Nawaambia mwangalie kwa tochi, mtaona mng'ao. Mng'ao unatosha.

Chemba na ndani ya mtutu kabla ya kutoka lindo lazima pawe pakavu. Risasi inapolipuka, ganda linatanuka na kushika kuta za chemba. Kuta zikiwa na mafuta, ganda linateleza na nguvu kubwa zaidi inarudi kwenye bolti na sehemu zinazofunga. Mafuta mengi ndani ya mtutu nayo yanaongeza shinikizo. Kwa hiyo bunduki ya akiba napaka ndani, na kabla haijatoka napitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke safi. Risasi zenyewe haziguswi na mafuta kabisa. Mafuta mepesi, hasa ya kupuliza, yanajipenyeza pembeni ya fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, na kuiua, na hutajua mpaka siku unayoihitaji. Kwangu risasi zinakaa kabati lake, na meza ya kusafishia haina hata moja juu yake. Kabla sijagusa kopo lolote nafungua chemba, naangalia, naingiza kidole, naangalia na bomba la risasi. Nafanya hivyo hata kama nimeipokea sasa hivi kwa mtu ninayemwamini.

Mbao ndiyo sehemu inayoumia kimyakimya. Bunduki inayowekwa mtutu juu, mafuta yanashuka taratibu kupitia kwenye mitambo mpaka kwenye kichwa cha kitako, pale mbao inapokutana na chuma. Mbao inakunywa. Baada ya miaka inakuwa nyeusi, laini, na kishindo cha risasi kinaipasua kwa ndani kabla ufa haujaonekana nje. Ukifungua unaweza kuibonyeza kwa ukucha ikabonyea. Ndiyo maana rafu yangu nimeigeuza: bunduki zikishapakwa zinasimama mtutu chini, mdomo juu ya kipande cha zulia, ili ziada ishuke kuelekea mdomoni ambako naipangusa asubuhi. Na pochi za sponji ni za safarini tu, si za kulalia. Sponji inashika unyevu na kuulaza juu ya chuma.

Jambo moja la kutu ambalo limenishangaza kiangazi chote: kwetu kutu nyingi haitokani na mvua. Inatokana na mikono. Kuna mlinzi wetu anayebeba bunduki kwa kuishika juu ya chemba usiku kucha, na kama asubuhi sikuipangusa, ninaporudi baada ya siku ya mapumziko nakuta alama ya vidole vinne vya rangi ya kahawia. Kwa hiyo kila lindo nimelipa kitambaa cha fulana kuukuu ya pamba chenye matone machache ya mafuta ya cherehani, ndani ya kimfuko cha plastiki. Akimaliza zamu anapangusa mahali aliposhika kabla hajanikabidhi. Hakuna bidhaa ya dukani iliyonipunguzia kutu kuliko hicho kitambaa.

Ukienda kununua, fungua kichupa pale dukani. Dondoshea tone kwenye kidole, sugua, nusa. Mafuta mazuri yanateleza muda mrefu na karibu hayanuki. Ukisikia harufu ya mafuta ya taa, au yakakauka kidoleni ukiwa bado unaongea na muuzaji, yamechanganywa, rudisha. Ukiona rangi ya njano nzito, yaache pia. Chukua vichupa viwili, kimoja cha nyumbani na kimoja cha shambani, na ukitoka hapo pitia duka la spea uchukue girisi ya lithiamu ya kopo dogo kuliko yote waliyonayo. Kwa bunduki moja litakutosha miaka. Mitambo ya ndani ikihitaji kufunguliwa, iwe ni kwa fundi mwenye kibali, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni yako uwe nayo mkononi unapoibeba kwenda kwake.